Mvua Inatoka Wapi

3 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko? Mgongo umepoa, au mashuka ya hoteli bado yanakumaliza? Mimi ni mzima. Bibi naye hajambo, yuko kwenye cherehani anashona sare na kuniuliza kwa nini naandika barua na simu ipo.

Mama, kaa chini kwanza. NIMECHAGULIWA! Golikipa wa shule! Wa darasa la tano hajawahi kuchaguliwa. Mwalimu wa michezo alinipigia mashuti kumi, nikazuia saba, moja kwa pua. Imevimba, lakini sijali hata kidogo!

Sasa sababu ya barua. Ile video niliyosema jua linalala chini ya kitanda cha Bibi, nilikuwa na miaka mitano. Leo nina kumi na mmoja. Bado unanipigia kwa video na kuniuliza, "Eti mvua inatoka wapi?" Nikikujibu tulivyosoma, unasema, "Aa, jibu kama zamani, watu wanasubiri." Basi nasema mawingu yanalia, wewe unacheka, unaniposti. Mama, mvua ni mvuke uliopoa! Najua, na kujua ni raha kuliko kujifanya sijui. Hapa naitwa Mtoto wa Jua. Watu wazima wananisimamisha njiani niwaambie kitu cha kitoto.

Tafadhali zitoe video zote mtandaoni. Na barua hii ni yako peke yako.

Mwanao


22 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Mimi sijambo, mgongo tumezoeana. Msalimie sana Bibi.

Golikipa! Nilipiga kelele mpaka msimamizi akaja mbio, akidhani mashine ya kufulia imemshika mtu!

Kuhusu video, nielewe. Ile ya jua niliirekodi wiki niliyoondoka. Kila anayeipenda ananiambia nina mtoto mzuri, na siku nyingine hilo ndilo neno jema pekee ninalolisikia tangu asubuhi. Tena usinune: barua yako ilikuwa tamu mno, nikapiga picha kile kipande cha mvuke na kukiposti. Watu elfu kumi na moja wameweka kopa la kupenda! Wanasema umekua lakini bado ni malaika. Furahi kidogo, basi.

Mama yako


30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sijambo. Bibi hajambo. Huku hakuna jipya.

Mwanao


19 Mei

Mwanangu,

Marahaba, mama. Natumaini pua imepona. Barua yako ya mistari miwili nimeisoma mara nyingi kuliko zile ndefu.

Juzi mwenzangu wa kwenye pasi aliniuliza, "Binti yako anapenda nini?" Nikamwambia ya jua na kitanda. Akacheka, akasema, "Hiyo ni ya zamani. Siku hizi je?" Nikaikunja tena foronya niliyokwisha kuikunja. Hata mechi sikujua kama mlicheza. Watu elfu kumi na moja nimewapa barua yako, mimi mwenyewe sikujibu ulichoniomba.

Jumapili nilikaa kitandani asubuhi nikazipitia video zako, moja baada ya nyingine, mia tatu na kumi na mbili. Katika za miaka miwili hii, unatazama pembeni kabla ya kujibu. Sikuwahi kuliona hilo, na mimi ndiye niliyerekodi. Nimezifuta zote, na ukurasa nimeufunga. Sitakudanganya: zilizokwisha kuchukuliwa na watu siwezi kuzikamata. Hilo nimelifanya mimi, na naomba unisamehe.

Sasa nakuuliza, na hakuna anayesubiri jibu ila mimi. Mlishinda? Golini unaogopa nini? Na huo mvuke, unapoaje mpaka uwe mvua? Sikuwahi kufundishwa.

Mama yako


8 Juni

Mama yangu, mama yangu mwenyewe!

Shikamoo mara mia! Nilimsomea Bibi barua yako, akasimamisha cherehani, akasema, "Alaa, kumbe anasikia!"

Tulicheza jana! Mbili kwa mbili, halafu penalti! Naogopa penalti tu, kwa sababu mpigaji anakutazama machoni. Dada aliyepiga ya mwisho alikuwa mrefu kama mlango. Nikajirusha kushoto, mpira ukanigonga kiwiko, ukapiga mwamba, ukatoka! Tukashinda! Wenzangu wakanirukia wote, nikala nyasi. Hakuna aliyerekodi, kwa hiyo chora kichwani, na unichore mrefu kidogo.

Mvuke ukipanda juu kwenye baridi, unakuwa matone madogo. Yakikusanyika yanakuwa mazito, yanaanguka. Nikipata picha ya kitabu nitakutumia.

Nimekusamehe, ila si yote siku moja.

Sijamaliza! Leo nilikuwa nafunga kamba za viatu nyuma ya goli. Akaja msichana mgeni, amehamia wiki hii. Nikajua ataniambia niseme ya jua. Akanitazama, akaninyooshea mkono.

"Wewe ndiye uliyezuia ile penalti?"

"Ndiyo."

"Mimi sijui mtu hapa. Unaitwa nani?"

Mama, hajui chochote! Nikamtajia jina langu taratibu, lote, na la baba, na la babu.

Mwanao