Mama, Nimeonja Bia ya Mabibo

Mama yangu, uliyelala Masasi kwenu,

Jumamosi iliyopita nimekunywa bia mchana kweupe, hapa Kibiti, mbele za watu, nikalia. Najua ungeanza kwa kucheka, kisha ungeuliza ni bia gani hiyo ya kumliza mtu mzima. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana lipo jambo ambalo hukuwahi kulijua. Wakati linanipata wewe ulikuwa kitandani, nami sikuona sababu ya kukuongezea mzigo.

Unaikumbuka ile homa iliyonilaza mwaka wako wa mwisho? Ilipoondoka, iliondoka na pua yangu. Haikuziba, hewa ilipita vizuri tu, lakini harufu hakuna. Kitunguu kikawa maji. Pilipili ikawa moto mtupu. Ulimi ulijua chumvi, sukari, uchungu na uchachu, basi. Vingine vyote vilikuwa kama kutafuna pamba. Daktari alinitazama puani kwa tochi, akasema, "Kwa wengine hurudi, kwa wengine hairudi. Subiri."

Kusubiri ni kazi ngumu kwa mama lishe. Wewe ndiye uliyenifundisha kupika kwa pua. "Acha kufunua sufuria kila saa," ulikuwa ukinigombeza, "wali ukiiva utakuita wenyewe." Basi wali ukaacha kuniita. Niliunguza, nikamwaga, nikapika tena. Siku moja dereva wa lori la kutoka Lindi alisukuma sahani ya samaki mbele yangu, akasema taratibu, "Dada, tui limelala hili." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angenitukana ningepata la kumjibu.

Tangu hapo Mwanahawa, jirani yangu ninayepika naye, akawa pua yangu. Ananusa tui, ananusa kamba wanaoletwa kutoka delta ya mto. "Hawa wazuri. Hawa rudisha." Hata mwezi wa Ramadhani, tunapopika futari ya kuuza, na swaumu yake kinywani, aliinama juu ya sufuria zangu akavuta pumzi, macho kafumba, kisha akasema, "Ongeza iliki." Mtu wa namna hiyo utamshukuru kwa neno gani?

Lakini pua ya mwenzio si pua yako. Nilipika kama mtu anayeshona gizani. Wateja wakapungua, na mimi mwenyewe nikapungua. Nikaamua moyoni kwamba Krismasi ikipita nauza masufuria, nafunga banda. Sikumwambia mtu, hata Mwanahawa.

Sasa sikia. Unamkumbuka yule mzee wa Kihindi mwenye duka la majembe na mafuta ya taa, aliyezoea kukuita "Mama Masasi"? Mjukuu wake, Kiran, amelichukua lile ghala la nyuma. Ameng'oa rafu, ameweka matangi ya chuma yanayong'aa hadi unajiona uso, anapika bia. Watu walishika vichwa. Kibiti hii, yenye misikiti kila upande, bia? Lakini anaiendesha kwa adabu. Muziki hakuna, Ijumaa geti linafungwa, na nyingi anapeleka kwenye mahoteli Dar. Watu wakazoea.

Wiki ile alikuja bandani. "Da Vero, Jumamosi nina wageni wa kuonja bia mpya. Nipikie kamba wa kukaanga na mihogo."

Tukaenda, mimi na Mwanahawa, na mabakuli yetu. Wageni walikuwa wachache, wamekaa kwenye mabenchi chini ya paa la makuti. Mwanahawa alivuta kiti karibu na mlango, akaomba soda. Mimi nilikuwa nakung'uta mafuta kwenye kamba pale Kiran aliponisogezea glasi.

"Na wewe onja."

"Usipoteze bia yako, Kiran. Kwangu mimi ni maji yenye povu."

"Basi kunywa maji yenye povu."

Rangi yake ilikuwa ya njano yenye ukungu, na povu jeupe. Nikapiga funda moja kwa heshima tu. Uchachu ukaja kwanza, kama nilivyotarajia, na nyuma ya uchachu chumvi kidogo, jambo lililonishangaza, maana ni nani anatia chumvi kwenye bia? Nikameza. Hapo, mama, wakati nimekwisha kumeza, kitu kikapanda kutoka kooni kuja nyuma ya pua, chembamba kama uzi.

Nilisimama na glasi mkononi. Sikuthubutu kuvuta pumzi, nikidhani kitakimbia. Kisha nikavuta, na kile kitu kikafunguka.

Mabibo! Yaliyoiva hadi kudondoka, yakakaa juani chini ya mkorosho, nyigu wameyazunguka. Ile harufu tamu inayokereketa kidogo. Sikuikumbuka, mama. Niliisikia. Nilikuwa pale, shambani Bungu, mimi na wewe, ndoo katikati yetu, wewe unanyonga korosho kutoka kwenye bibo mara moja kwa vidole viwili na mimi nahangaika nayo kwa meno, ukakasi umenikaza midomo. Nguo zangu zote zilikuwa na madoa yale ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza. Nyumbani tuliyakamua, ukachuja maji yake kwenye kung'uto, ukayaacha mtungini yawe uraka, ile pombe yako ya kuuza. Ulinishika kichwa ukaniwekea sikio kwenye mtungi.

"Unasikia?"

"Yanachemka!"

"Moto uko wapi?"

Nilichungulia chini ya mtungi kutafuta moto. Ulicheka hadi ukakaa chini.

Wewe ulikuwa na nyumba iliyojengwa kwa uraka ule, na wanao watatu waliovaa viatu vya shule. Mimi nilikuwa na miaka mingi bila kuufikiria. Na sasa ulikuwa mdomoni mwangu, wote, na pua yangu iliyokufa ilikuwa inaufungulia mlango.

Machozi yakaanza. Mwanahawa akaruka kutoka kwenye kiti chake.

"Vero! Umelewa kwa funda moja?"

"Nasikia harufu," nikamwambia.

"Harufu gani?"

"Mabibo. Nasikia mabibo, Mwanahawa."

Akaninyang'anya glasi, akainusa kwa mbali, mkono umeziba mdomo, kama anavyonusa tui langu. Akageuka kunitazama, macho yamemtoka. "Wallahi ni mabibo," akasema, na yeye akaanza kulia. Wageni wa Kiran wakabaki wameduwaa, kamba wameshikwa hewani.

Kiran alituacha tutulie kwanza. Kisha akanieleza: maji ya mabibo, mchele wa Chumbi, na asali ya mikoko inayorinwa kule delta. Chumvi ile ni ya asali, nyuki wanakula maua yaliyosimama kwenye maji ya bahari. Nilimuuliza alipata wapi wazo hilo.

"Nikitoka shule nilikuwa napita uani kwenu," akasema. "Babu alinikataza kusimama, nami nilisimama kila siku. Nimesomea kupika bia mbali sana, Da Vero, lakini nilikuwa natafuta ile harufu ya kwa Mama Masasi. Bia nimeimwaga mara nyingi. Hii ndiyo ya kwanza iliyokaribia."

Umekufa, mtungi umevunjika, na kijana wa watu alikuwa ameibeba harufu ya ua wako kichwani mwake miaka yote hii, hadi akaipika.

Haijarudi yote. Kahawa bado kimya. Kitunguu kinanuka kama kutu. Lakini nimesikia udi kwenye nguo za Mwanahawa, nimesikia mvua ikija kabla haijafika, na jana nimetambua tui lililolala mimi mwenyewe, nikalimwaga kwa furaha kama mtu anayemwaga maji ya baraka. Masufuria siuzi.

Kuna jambo moja la mwisho. Tulipokuzika, dada zangu walishika kanga zako wakaziweka usoni, wakasema, "Bado ananukia." Nami nikaiweka usoni ile niliyopewa, nikanusa, nikapata kitambaa tu. Niliileta Kibiti nikaifungia sandukuni. Jumapili, baada ya misa, nilifungua sanduku. Nikazamisha uso.

Kafuri. Kafuri tupu, ile niliyoiweka mwenyewe kufukuza wadudu. Wewe ulikuwa umeshaondoka humo zamani, wakati mimi siwezi kukusikia.

Nilikaa kitandani muda mrefu, kafuri inanikereketa pua hadi macho yanatoka maji, na sikuitoa kanga usoni. Kisha nikaifunga kiunoni, nikaenda kupika.

Pumzika, mama. Huku tunaendelea.

Mimi kitinda mimba wako,
Veronika