Mkono wa Kushoto Mbele ya Mama Yako

Kwako Twahir, uliyenifundisha bastola ukataka na kunioa,

Sijui nikuandikie kwa anwani gani. Nilisikia walikuhamishia Garissa, kisha nikasikia ni Moyale, na mimi si mtu wa kuzunguka vituoni nikiulizia mwanamume. Basi naiandika wazi, aisome anayetaka. Ikikufika, uimalize. Usifanye ile tabia yako ya kukunja karatasi ukaitia mfukoni ukisema utaimaliza kesho.

Nina hasira. Nalisema mapema usije ukadhani ni barua ya mahaba. Miaka mitatu nilikuwa nimekusahau vizuri tu, mpaka wiki iliyopita nilipokutana na mama yako. Nitafika huko.

Unaukumbuka uwanja wetu wa shabaha pale Kilifi, nyuma ya mashamba ya mkonge? Jua la saa nne, mchanga unaumiza macho, na wewe umesimama nyuma yangu, kofia umeivuta mpaka kwenye nyusi. Mwaka ule wa themanini na sita nilikuwa askari wa kike peke yangu kati ya tuliokuwa tukijaribiwa kuingia timu ya mkoa. Kwa mkono wa kulia sikuwa na mpinzani, na wewe ulikuwa ukilisema hilo mbele ya wanaume mpaka wakanuna. Kisha likaja agizo jipya kutoka juu: risasi kumi kwa kulia, kumi kwa kushoto. Ati askari akiumia mkono mmoja aendelee na wa pili. Laiti ningemjua aliyelibuni!

Siku ya kwanza mkono ule ulikuwa kama si wangu. Nilinyanyua bastola, ncha yake ikawa inatangatanga juu ya lile duara jeusi, haitui. Nikivuta triga, kidole kinavuta pamoja na kiwiko, na bega, na shingo. Tulipokwenda kuangalia, karatasi yangu ilikuwa na matundu matatu. Ya jirani yangu, yule koplo mnene wa Mtwapa, ilikuwa na kumi na tano, na yeye alipiga risasi kumi. "Mashallah," akasema, "bastola yangu imezaa." Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Wewe hukucheka. Ulinifuata kwenye kivuli cha stoo ukanipa maji kwa kikombe cha bati, ukaniambia, "Kadzo, mkono wako si mbovu. Umenyimwa kazi tu. Upe kazi." Nikakupenda hapo hapo. Usijivune, nilikuwa na kiu pia.

Ndipo ukanipa dawa yako. Mwezi mzima kila kitu kwa kushoto: mswaki, kitana, vifungo vya sare, kukuna nazi, kuwasha kiberiti. "Mkono wa kulia uwe mgeni kwako," ulisema. "Isipokuwa kula." Kula tu ndiko ulikokataza, wala hatukulijadili, sote tumelelewa pwani hii. Kuhusu kumpa mtu kitu hukusema neno, na mimi sikuuliza.

Loo, mwezi gani ule! Chumbani kwangu Muyeye nilikuwa naamka mapema saa nzima ili niwahi kufunga vifungo. Nilijikwaruza vidole kwenye mbuzi nikamwaga nazi nzima yenye damu. Kitabu cha ripoti nilikiandika kwa kushoto, sajini akaniuliza kama nimelewa. Jioni ulitaka nishike pasi ya makaa, tupu bila moto, mkono umenyooka, nihesabu mpaka sitini. Nikifika ishirini na mbili natamani kuitupa dirishani. Wapangaji wenzangu walikuwa wakipita mlangoni wakiniona nimeuelekezea ukuta pasi, na hakuna aliyethubutu kuniuliza. Halafu Jumamosi nikija Kilifi, ni yale yale! Mkono unatetemeka kama wa mwenye homa. Siku moja nililia nikakwambia naacha. Ukasema, "Acha. Lakini ujue ulibakisha kidogo." Hasira zikanipanda, nikaendelea. Kunichokoza ulikujua, hilo sikunyimi.

Katikati ya mwezi huo ukaleta posa kwa baba, Matsangoni. Kwetu walikubali siku ile ile. Kwenu ndiko kulikokuwa na maneno. Mambrui, watu wa mji, mtoto wao anaoa Mgiriama! Sisi ni Waislamu tangu babu yangu, na upepo ukivuma tunanusa bahari, lakini kwa shangazi yako Matsangoni ni bara. Ulinihakikishia kwamba mama yako hana neno, anataka tu kuniona. Alikuwa anaumwa mguu, basi ikawa nije kumjulia hali, pamoja na shangazi yangu, maana msichana hajipeleki peke yake.

Nilivaa buibui jipya. Nikaupokea mkono wa mama yako kwa mkono wa kulia, nikaubusu. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapa karibu nami." Alinipenda, Twahir, mtu hujua anapopendwa. Aliuliza habari za wazee wangu mmoja mmoja. Nilipomwambia kwamba siku hizi kazi yangu ni kupiga karatasi risasi, alicheka mpaka akashika mguu. "Maskini, karatasi imekukosea nini?" Wewe ulikuwa umekaa mkekani, umejaa furaha, hata aibu hukuona. Kisha ikaletwa chai ya maziwa na mahamri na mbaazi, mama yako akaniambia, "Mimina wewe, ujione uko kwako."

Nikamimina. Nikanyanyua kikombe chake nikampa.

Kwa kushoto. Mkono umenyooka, kifundo nimekikaza, bega limeshuka, vile vile ulivyonifunza. Na wallahi nakuapia, haukutikisika. Mwezi mzima umenitesa mbele ya karatasi, ukaja kutulia pale! Chai imejaa mpaka ukingoni na halikumwagika hata tone. Nilikuwa nimeshaanza kujivuna kabla sijatambua ninachofanya.

Mama yako alikitazama kikombe, hakunyosha mkono. Shangazi yako, aliyeketi kando yake, akasema, "Astaghfirullah." Kisha akasema, wala si kwa sauti ndogo, "Asiyefunzwa na mamaye..." Akaachia hapo hapo, maana ile methali kila mtu anajua mwisho wake. Mimi, Twahir! Mimi niliyelelewa na nyanya aliyekuwa akinipiga vidole kwa mwiko nikimpa hata ukuni kwa mkono ule. Nyanya yangu alikufa akijua amelea mtoto mwenye adabu. Shangazi yangu akainamisha kichwa, na mimi nimeganda na kikombe hewani.

Nikakutazama wewe.

Ulikuwa na neno moja tu la kusema. "Mama, ni mimi niliyemwambia." Basi! Wangeshangaa, wangecheka, wangeuliza maswali, tungekula mahamri yetu. Wewe ukatazama mkeka. Ukaanza kuchomoachomoa ukili uliofumuka, unauzungusha kidoleni kama mtu aliyeagizwa kazi hiyo. Ningesema mimi? Mgeni, mchumba, siku ya kwanza, nijibizane na watu wazima? Hiyo ingekuwa aibu ya pili juu ya ile ya kwanza. Kwa hiyo nilikungoja. Mama yako akasema taratibu, "Weka hapo chini, mwanangu." Nikakiweka. Tukakaa tukizungumza habari za mvua, chai ikapoa mbele yetu mpaka ikafanya utando.

Ulitusindikiza mpaka barabarani. Shangazi yangu akatangulia kidogo, kwa huruma, nikapata kukuuliza kwa nini hukusema. "Ningesema nini, Kadzo? Mama ni mama." Ebo! Kwani kuna aliyesema si mama? Nilikuuliza habari za mkono, ukanijibu habari za uzazi. Nilikuwa na maneno mengi ya kukutukana nayo, na nikakwambia kwaheri tu.

Wiki ya pili mjomba wako akaja kumwambia baba kwamba jambo halikuwa na heri. Baba hakuniuliza lolote, alikwenda shambani akarudi magharibi. Wewe hukuja. Mwezi uliofuata ulihamishwa, au uliomba uhamisho, sikutaka kujua.

Kwenye timu niliingia. Kwa kushoto, risasi nane kati ya kumi ndani ya duara. Nikapelekwa Mombasa kwenye mashindano nikawa wa saba. Wa saba! Nimekosa mume, nimepewa nafasi ya saba. Sajini akanipa pongezi mbele ya kituo kizima, nikampigia saluti, nikaenda kulia chooni.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita nilikuwa Malindi, nimekaa kwenye benchi la zahanati na kifua changu kinabana, akaingia mama yako na bakora. Nilitaka kuinuka nihamie upande wa pili. Akaniita kwa jina langu. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akapumua kidogo, kisha akasema bila kuzunguka:

"Chai ile nilikuwa na hamu nayo, mwanangu."

Nikaishika bakora yake isianguke.

"Nilijua hukukusudia," akasema. "Mwenye dharau hashiki kikombe kwa uangalifu vile. Nikamtazama mwanangu, nikaona uso wake unajua jambo. Nikangoja aseme. Nimengoja mpaka chai imepoa. Ulipokwenda ndipo akanieleza yote, ameketi kitako analia, mambo ya bastola na mwezi mzima wa kushoto. Nikamwambia, mbona unanieleza mimi sasa, na mwenyewe ameshaondoka?"

"Basi ndipo shangazi yake akakataa?" nikauliza.

"Wifi yangu ana mdomo tu, hana nguvu ya kuvunja posa. Aliyeivunja ni mimi. Niliona, huyu mtoto wa watu atakuja kuachwa na aibu peke yake siku kubwa kuliko hii. Sikutaka dhambi hiyo shingoni mwangu."

Alikuwa ananipapasa goti akiniambia, kama mtu anayekupa zawadi aliyokuwekea muda mrefu. Nikamwambia, "Ahsante, mama." Daktari akamwita, akainuka na bakora yake akaingia. Mimi nikaondoka bila kutibiwa kifua.

Miaka mitatu nimemchukia mama yako bure, kila nikisikia Mambrui naona kile kikombe, kumbe mle ndani yeye ndiye aliyekuwa upande wangu. Nimemsimulia shangazi, akapiga vigelegele pale pale jikoni. Nimemsimulia baba, akasema alhamdulillahi, Mungu ameniepusha. Kila mtu ananiambia nishukuru, kwamba yule mama amenifanyia wema ambao hata mzazi wangu huenda asinifanyie.

Sishukuru. Nani aliniuliza mimi? Wewe ulinyamaza kwa ajili ya mama yako, mama yako akavunja posa kwa ajili yangu, mjomba wako akaileta habari, baba akaipokea akaenda zake shambani. Watu wazima wote wamekaa wakaamua linalomfaa Kadzo, na Kadzo yuko pale pale, ana masikio mawili na ulimi. Mimi ninayeaminiwa na serikali nishike bastola!

Na mimi pia nilinyamaza, usidhani sijaliona. Mle ndani nilikungoja wewe, barabarani nikakwambia kwaheri tu, na kule zahanati nikamwambia mama wa watu ahsante, na moyo wangu unasema jingine. Kwa hiyo nalisema hapa, maana hapa hakuna wa kunikatiza.

Mama yako angenivuta kando siku ile akaniambia, "Binti, huyu mwanangu ni mwoga, na woga wake umeuona kwa macho yako. Bado unamtaka?" ningemjibu, "Nimeuona, mama. Namtaka hivyo hivyo."

Uwe mzima huko uliko.

Aliyekuwa mchumba wako,
Kadzo