Gunzi Kwapani

Jumamosi, Julai. Tangu alfajiri mbingu ya Riruta imekaa kama bati kuukuu. Manyunyu hayageuki mvua wala hayakomi. Bega langu la kulia linauma. Nimeridhika.

Nianze na kilichonifikisha hapa. Kwa miaka mitatu sasa mimi ndiye mkaguzi katika karakana moja ya Kawangware, ambamo wanawake kumi na wanne hufunga nzi bandia. Unyoya wa shingo ya jogoo, uzi na ndoana ndogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga hubanwa kwenye jiliwa hadi kitokee kidudu cha kuelea juu ya maji na kumhadaa trauti, samaki wa mito baridi ya milimani. Nzi hao husafirishwa ng'ambo. Kazi yangu ni kupitisha au kurudisha. Kwa kuwa zamani nilifundisha sayansi, wafungaji huniita Mwalimu, nami sijawahi kuwakataza.

Sheria ya karakana ni fupi: trei ya mfungaji ikirudishwa wiki tatu mfululizo, anaacha kiti chake. Trei ya Mama Atieno nimeirudisha mara mbili, kwa kosa lile lile: nzi wake ni wembamba. Jumatatu ijayo ni mara ya tatu.

Jumatatu iliyopita hakunyamaza. Aliniuliza mbele ya wenzake, bila kuinua macho kutoka kwenye jiliwa: "Mwalimu, hebu tuambie. Wewe umewahi kuona samaki akimla huyu nzi?"

"Labda ni yeye huwakula," akadakia jirani yake, na meza nzima ikaangua kicheko.

Nilijibu kwamba kipimo kinatosha. Lilikuwa jibu lenye umbo zuri na lisilo na kitu ndani. Sijawahi kuvua samaki maishani mwangu.

Ndipo nikaanza kutafuta wa kunifundisha kuvua kwa nzi, kwa haraka ambayo si tabia yangu. Wa kwanza nilimwendea mjini Jumatano: bwana mmoja mwenye koti la mifuko mingi, mpole, msomi wa mito. Alinieleza asili ya uvuvi huo, majina ya mafundo na tabia za maji. Alijibu maswali yangu yote, hata yale ambayo sikuyauliza. Nilijaza kurasa tisa za daftari. Kwa saa nzima sikuigusa fimbo ya kuvulia. Nikiwa njiani kurudi nilitambua, kwa uchungu kidogo, kwamba hivyo ndivyo nami nilivyokuwa nikifundisha.

Wa pili alijileta mwenyewe. Jana Mzee Wafula, seremala wa Kibera, alileta viti vipya karakana. Akapita mezani kwangu, akaokota nzi mmoja katika trei niliyokwisha kuipitisha, akampuliza, akamrudisha mahali pake.

"Huyu ameshiba sana," alisema. "Atazama."

Nilimuuliza amejuaje. Kumbe kabla ya randa na msumeno alikuwa ameongoza wavuvi kwa miaka mingi kwenye vijito vya Mlima Kenya. Nikamwomba anifundishe.

"Kuja kesho asubuhi. Na hiyo daftari uiache."

Nilikwenda nalo. Alilichukua, akaliweka kwenye kigoda na kulikalia.

Tulisimama kwenye uwazi ulio nyuma ya karakana yake, upande wa Soweto, pasipo na maji ila yale ya manyunyu. Fimbo yake ni ya zamani, pete zake zimeungwa kwa risasi. Mwishoni mwa mshipi, badala ya ndoana, alifunga kishungi cha sufi nyekundu. Kisha akaenda kwa mama anayechoma mahindi kando ya njia, akarudi na gunzi, akalipachika kwapani mwangu.

"Likianguka, umekosea. Mimi sina maneno mengine."

Lilianguka kila niliporusha mshipi nyuma na mbele. Niliacha kuhesabu baada ya mara ya kumi na tisa, na kwangu mimi kuacha kuhesabu si jambo dogo.

"Wewe baba!" aliita mama wa mahindi. "Hiyo hewa imekukosea nini?"

"Buda, hapo utashika matope tu!" akaongeza kijana aliyekuwa akingoja hindi lake.

"Hata matope bado hajashika," Mzee Wafula akamjibu, mikono nyuma.

Baadaye alivunja ahadi yake ya kutosema. "Mwalimu, mkono wako unasahihisha kabla kosa halijafika. Mshipi bado uko nyuma, wewe ushauvuta. Uache ufike."

Nikauacha. Nilihisi uzito mdogo ukinivuta kutoka nyuma, kama mtu anayeshika upindo wa koti kwa adabu. Hapo tu ndipo nikasukuma mbele. Mshipi ulikunjuka juu ya kichwa changu na sufi ikatua majanini bila kuyatikisa.

Gunzi lilikuwa bado kwapani.

"Lichukue uende nalo," alisema yule mama. "Umelitolea jasho."

Nilikuwa nimebeba nzi sita wa Mama Atieno niliowakataa, na sita niliowapitisha. Mzee aliazima jagi la kioo kwenye kibanda cha chai, akalijaza maji, akaliweka juu ya meza isiyopigwa vanishi bado, akaniamuru nichuchumae na kutazama kwa chini, anakotazamia samaki. Wale niliowapitisha walionekana kama mabonge meusi. Wanne walizama nikiwatazama. Wa Mama Atieno walisimama juu ya maji kwa ncha za manyoya, kila ncha ikibonyeza kitone cha mwanga. Wanne walisimama hivyo. Wawili walilala ubavu, uzi wa kichwani umelegea.

"Hawa wawili ni wabovu," alisema Mzee. "Hao wanne, hata mimi wangenidanganya."

Nimerudi nyumbani saa kumi alasiri na kufungua kopo ambalo sijalifungua tangu mwaka wangu wa kwanza kazini. Humo nimemhifadhi nzi wa mfano tuliyetumiwa na wanunuzi, pamoja na vidonge vya kuzuia nondo. Kwa kuogopa asiliwe, nilikuwa nikikagua kila trei kwa kuilinganisha na nzi bora wa wiki iliyotangulia. Nzi bora, machoni pangu, alikuwa daima yule aliyejaa kidogo zaidi.

Wa mfano ni mwembamba.

Nimemweka kando ya nzi wa Mama Atieno, nikatumia lenzi. Sikuweza kuwatofautisha. Kwa miaka mitatu nimewanenepesha nzi wa karakana nzima, unyoya mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu mkubwa, na mwanamke mmoja aliyeendelea kufunga alivyofundishwa siku ya kwanza nikakaribia kumtoa kitini.

Jumatatu, kabla jiliwa hazijakazwa, nitaliweka kopo wazi katikati ya meza na kusema niliyoyaandika hapa. Nitamwomba Mama Atieno radhi mahali pale pale aliponiuliza. Kiti ni chake. Wale wawili wenye uzi uliolegea nitamrudishia, naye atakuwa wa kwanza kukiri kosa lao.

Meza itacheka, bila shaka. Nitakiacha kicheko kifike.