Shangazi wa Ijumaa

Mwenzangu, nifiche! Nimeumbuka leo!

Ule mfumo wa kuombea ruhusa ofisini, nimeuongezea njia ya watu kuingia kwa akaunti zao za barua pepe. Wakati wa kuujaribu niliweka kwamba kila anayeingia ahesabiwe ni mimi. Nikasahau kuondoa. Fundi mzima!

Bosi kaingia kwa akaunti yake, kwenye skrini kubwa, ofisi nzima imekodoa macho. Ikatokea "Karibu" na picha yangu.

Picha YANGU!

Chini yake ombi langu nililoliandaa mapema: "Shangazi amefariki leo Ijumaa alfajiri. Naomba ruhusa."

Leo Jumanne, mwenzangu. Jumanne!

Bosi wala hakufoka. Kavua miwani, kaniuliza taratibu: "Na shangazi mwenyewe ameshaambiwa?"