Wanawake Tu, Wanaitikia

Mwambogo,

Nimeliandika jina lako, na mkono wangu uko mzima. Tangu mwanao aliponioa na kunitoa kwetu Lyulilo, sikuruhusiwa kulitamka, wala kukutazama, wala kukutana nawe njiani, kwa kuwa wewe ni baba mkwe. Hata mbogo akiingia kwenye mpunga nilipiga kelele kwamba yule mwenye pembe amekuja, nisije nikagusa jina lako, na watoto wakanicheka. Sasa umekufa, na mimi nimechoka kukuogopa.

Tumekuzika penye migomba, umevaa lile koti ulilopewa na Wadachi pale bomani ulipowaimbia sikukuu ya mfalme wao. Watu walikuja kutoka Ngonga, Makwale na kwetu ziwani, kila mmoja akisema hatatokea mwimbaji mwingine kama wewe. Kabla hawajakufunika niliingia ndani nikakutazama. Wanawake waliguna. Uso wako ni mdogo, Baba. Miaka yote nilikuwa nimekutengenezea uso mpana wenye ndevu, kumbe ni kijizee cha mashavu membamba tu. Nililia sana. Huzuni ilikuwepo, sikatai, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi.

Ulinifundisha kuimba bila kuniona. Wewe uani, mimi nyuma ya migomba, unaanzisha, naitikia. Nikikosea hukusema nami. Ulimwambia Mama, mkeo, "Mwambie asikate pumzi pale," naye Mama akapaza sauti kuniletea maneno niliyokwisha kuyasikia kwa masikio yangu. Nikipatia, ulikohoa. Basi mimi mjinga nilikuwa naishi kwa kile kikohozi! Pumzi ulinifundisha wewe, na kwa hiyo pumzi ndaga fijo, asante sana. Lakini nyimbo je? Ule wa kukanda udongo nilikuja nao kutoka kwetu, mama yangu aliuimba akifinyanga vyungu. Ule wa mtu aliyechukuliwa na mto niliutunga mwenyewe nikipepeta mpunga. Asubuhi uliusikia kupitia ukuta wa jikoni, jioni ukawa wako, na watu wakakuletea kuku.

Kisha ukabatizwa. Mzungu wa misheni akatangaza kanisani kwamba mwiko wa wakwe umekwisha, na wake wa watu wakaanza kuingia kwa mlango uleule wa baba wakwe zao. Wengine walitetemeka. Mmoja alitoka mbio akicheka kwa aibu, wakamrudisha. Wewe ulitupa hirizi, ukaacha pombe, ukamrudisha kwao mke mdogo. Mwiko huu mmoja tu ndio uliong'ang'ania. "Mkeo akae nje," ulimwambia mwanao, "mimi bado namheshimu." Wazee wa kanisa wakakusifu kwa adabu yako. Nami nikasimama chini ya ukingo wa paa, mtoto mgongoni, naitikia kupitia ukuta wa matete. Mvua zetu unazijua. Hazimwonei huruma mtu aliyesimama nje.

Sauti yako ilipoanza kukwama, mimi ndiye niliyebeba. Ulitoa maneno mawili ya mwanzo, ukainamisha kichwa kama mtu anayesali, na wimbo wote ukatokea nje. Pasaka ile akaja Mzungu mgeni, akauliza ni nani anayeimba huko nje. Nilimsikia vizuri. Nikasogea ukutani, nikajua leo nitaitwa. Ukamjibu, "Ni wanawake tu, bwana, wanaitikia."

Wanawake! Nilikuwepo mimi peke yangu, na kuku wa mwinjilisti.

Na bado nilikusamehe. Nilijiambia ni heshima, mtu mzima hawezi kuacha mila kwa siku moja. Nikamnyamazisha hata mume wangu aliponung'unika.

Ulipozikwa ndipo nilipoimba mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Nilisimama kaburini nikauanzisha ule wa mto, wangu mwenyewe, kwa sauti yangu mwenyewe. Unajua walisema nini? Kwamba nimekuiga vizuri. Mzee mmoja alinishika mkono akabubujikwa na machozi: "Mwanangu, sauti ya mwalimu wako umeitunza." Kama ningekuwa na jembe karibu, sijui. Uko chini ya udongo na bado unanipokonya.

Wageni walipoondoka, tukiwa tunafagia uani, Mama akanieleza jambo. Kumbe mwanao alishakuletea ng'ombe wa kuondoa mwiko, kama desturi yenyewe inavyotaka, ili niweze kuingia na kukaa ulipo. Ukamrudisha na ng'ombe wake. Mama akakuuliza sababu, nawe ukamwambia, "Huyo akiingia ndani, mimi watanisikiliza kwa lipi?"

Kwa hiyo ulijua. Hapakuwa na mila wala heshima. Wewe ndiye mtu pekee duniani uliyejua mimi ni nani, na ukaniacha niloane kwa makusudi. Nakuchukia kwa hilo, Mwambogo. Ningalikusamehe wizi wa nyimbo, kwa maana nyimbo huzunguka, lakini hili silisamehe.

Jumapili wazee wanataka niimbe kanisani kwa ukumbusho wako. Wanataka nyimbo zako. Nimewaambia nitasimama, ila zile sitaziimba tena, hata ule wa mama yangu, kwa sababu kila nikifungua kinywa watakusikia wewe. Kuziacha kunaniuma. Nilizizaa, na sasa nazitupa nikiwa na akili zangu timamu.

Basi kwaheri, Baba. Mkeo nitamlisha, na kaburi lako litafagiwa, usihangaike. Nakuahidi jambo jingine pia. Jumapili nitapita mlangoni, nitasimama palepale ulipokuwa ukisimama, nitaimba wimbo ambao hujapata kuusikia. Nimeutunga kimoyomoyo, nimefumba mdomo, asiusikie mtu yeyote kupitia ukuta.

Tupokigwe