Wafula, Uliifunga Kampuni Nzima kwa Simu Yako

Kwako Wafula, kaka yangu, uliyelala nyuma ya nyumba ya mama kule Bungoma,

Nimekasirika. Acha nianze hapo, maana nikianza na salamu nitakuwa nadanganya na wewe hukupenda uongo. Watu wakiwaandikia marehemu huandika kwa upole. Mimi nakuandikia nimeuma meno. Walikuua Jumapili mchana, ofisini, hapo Kitengela, kwa nyundo na panga, mpaka ukuta uliopakwa rangi majuzi ukalazimika kukwanguliwa. Na wewe, mwenye akili zote hizo, ulikuwa umeweka ufunguo wa kila kitu kwa laini yako ya simu, peke yako. Simu wakaikanyagakanyaga.

Unakumbuka tulivyopigana pale kwa nyama choma? Wewe ulikuwa mtu wa kompyuta wa Mama Naserian, anayeuza saruji, mabati na chakula cha mifugo Kitengela, na matawi Namanga na Illasit. Vitabu vyote vya biashara vilikaa ndani ya seva moja, lile sanduku la chuma kwenye chumba chako cha nyuma, na wewe ulilipenda kuliko watu wengine. Mimi niliajiriwa kuhamisha biashara za watu kutoka kwa masanduku kama hilo na kuzipeleka kwa wingu, kama wanavyoliita, yaani kwa kompyuta za watu wengine nchi za mbali, unazifikia kwa intaneti tu. Kwa hivyo kila nilipopata mkate wangu wewe uliona nimeuchukua kwa sahani yako.

"Kebo ikikatwa na katapila hapo barabarani," ukaniuliza, "Namanga watauza na nini?"

"Na intaneti ya simu."

"Na wakipandisha bei? Si mnalipa kwa dola?"

"Na seva yako ikiungua?"

"Na mimi je, Nasimiyu? Mkishahamisha kila kitu, mimi nitakuwa nafanya nini hapo? Kufungua mlango?"

Hapo ukaigonga meza, ubao wa nyama ukaruka, kachumbari yote ikaniishia kwa blauzi. Nikachukua mfupa wa mbuzi nikakutupia, ukakupata juu ya jicho. Ukanishika mkono ukauzungusha, nami nikakuuma kama zamani tukigombania maziwa. Yule rafiki yako wa Kware, fundi wa mitandao, ndiye aliyetutenganisha. "Mtauana juu ya kompyuta kweli?" akasema, na watu wakacheka. Yeye mwenyewe alikuwa ameshafutwa kazi kampuni yake ilipohamia kwa wingu, sasa anauza viazi karai jioni. Ulimnyooshea kidole ukaniambia nimwangalie vizuri. Nilimwangalia. Kisha nikakutukana.

Watu wanangoja niseme najuta kwamba nilisukuma hayo mambo. Sijuti. Stima ilipopotea na kurudi na nguvu ile siku, ikachoma nusu ya seva yako, ni nani alikaa na wewe tukiokoa hesabu za Illasit kipande kwa kipande? Mama Naserian alisimama mlangoni na shuka yake begani, akatutazama tukihangaika. Kabla ya hapo alikuwa amekataa kabisa. Alisema ng'ombe wake hawezi kuwalaza kwa boma ya mtu ambaye hajawahi kuona uso wake, na wewe ulifurahia maneno hayo ukayarudia kila mahali. Siku hiyo akabadilika.

"Wafula, hamisha," akasema. "Lakini lango la hiyo boma, wewe ndiye utalinda."

Ukalilinda kweli. Nilikwambia, wee, sikiliza, mimi hii ndiyo kazi yangu: akaunti kuu iandikwe kwa jina la kampuni, na kodi za kuingilia, zile namba za siri wanazotuma, ziende kwa simu za watu wawili, mmoja akipatwa na jambo mwingine afungue. Ukacheka. Ukaiandika kwa namba yako, peke yako. "Wakitaka kunifuta kazi," ukasema, "lazima waniombe kodi kwanza." Sikushangaa. Nimekutana na mafundi wengi wanaoogopa kufutwa kazi, kuanzia Rongai hadi Namanga, na wengi wao wamejifunga mlangoni hivyo hivyo. Hamfikirii kwamba mtu anaweza kufa. Mnafikiria barua ya kuachishwa kazi tu.

Sasa Situma. Mtoto wa jirani yetu, tuliyechunga naye, tuliyeoga naye mtoni. Wewe ndiye ulimtafutia kazi ya karani wa stoo, ukamsitiri kwako mpaka akapata nyumba yake, na akaendelea kuja kula kwenu kama kawaida. Hukujua saruji inatoka kwa mlango wa nyuma, na yeye ndiye anayeitoa. Ukamweleza mezani, mkono wako ukiwa kwa ugali, kwamba vitabu vya stoo vinahama Jumapili, na vikishahama mkaguzi ataona kila mfuko ulioingia na kila uliotoka. Mama Nekesa, mkeo, alikuwepo. Anasema ulimweleza kwa furaha, kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto.

Kazi ya kuhamisha hufanywa Jumapili kwa sababu duka limefungwa na hakuna anayeuza, hesabu hazisogei. Kila mtu wa kazi yetu anajua. Situma naye alijua, maana ulimwambia. Walikuja watatu wakati watu wako kanisani, wamevaa boshori, kofia za sufu zilizovutwa mpaka kidevuni. Mlinzi wakamfunga kamba na kumgeuza uso ukutani. Kisha wakaingia kwako.

Mama Nekesa alipoona hushiki simu alinipigia, na mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Sitakuambia nilichokiona, ulikuwepo. Nitakuambia tu kwamba nyaya zilikuwa zimekatwa kwa panga, zinaning'inia, na damu ilikuwa imeingia kati ya vibonyezo vya kibodi. Nilikaa sakafuni nikaanza kuipangusa kwa kitambaa changu cha kichwa. Sijui ni kwa nini. Polisi walipoingia waliniondoa kwa nguvu na nikampiga mmoja wao teke. Seva walikuwa wameondoka nayo; polisi walilikuta hilo sanduku baadaye limechomwa moto kando ya barabara ya Isinya.

Situma alikamatwa mapema. Alikuwa na mkono ulioungua, akasema ni mafuta ya chapati. Watu wote walijua. Lakini kujua si ushahidi. Mlinzi hakuona uso. Hakimu wa Kajiado akakubali azuiliwe kwa muda tu, polisi walete kitu cha maana, la sivyo atoke. Na kitu cha maana kilikuwepo, Wafula. Kamera za ofisi tulikuwa tumezihamisha kabla ya vitabu. Situma alidhani akiiba seva ameiba na picha. Picha zilikuwa zimeshaenda huko mbali, salama kabisa, na zingekaa mwezi mmoja tu, kisha zijifute zenyewe, isipokuwa mwenye akaunti kuu aseme zisifutwe. Mwenye akaunti kuu tulikuwa tunamchimbia kaburi.

Kwa mazishi walikusifu mpaka nikachoka kusikia. Shujaa. Mwanamume. Alisimama mlangoni akalinda mali ya tajiri wake mpaka tone la mwisho. Wazee walirudia hivyo hivyo siku ya tatu baada ya kukuzika, tulipokaa kunyolewa nywele kwa desturi yetu, na mama akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nawaka. Lile sanduku lilikuwa tupu. Ulishamaliza kulihamisha asubuhi, nilijua, kwa sababu ulinitumia ujumbe wa kuringa: "Nimemaliza kabla ya chai, mwalimu." Sasa ulikuwa unalinda nini? Mabati? Mtu na mtoto wake anakufia mabati? Nilisimama kaburini nikakutukana kimoyomoyo, na ningeyasema kwa sauti kama mama hangekuwa karibu.

Nilirudi Kitengela na udongo bado kwa viatu, nikaanza kupigana na hilo wingu. Niliwaandikia wenye nalo. Wakanijibu kwa adabu: mwenye akaunti athibitishe kwa kodi tuliyotuma kwa simu yake. Nikawaandikia kwamba mwenye akaunti ameuawa na simu yake iko kwa polisi, vipande vipande. Wakanipa pole, wakaniambia mwenye akaunti athibitishe kwa kodi tuliyotuma kwa simu yake. Polisi wakaandika. Wakaambiwa amri itoke kwa mahakama ya huko kwao, na hiyo ingechukua muda kuliko uhai wa zile picha. Hakuna mlango wa kwenda kubisha. Hakuna mtu wa kushika shati. Hapo niliyaelewa maneno ya Mama Naserian kuhusu uso, nikachukua kompyuta yangu nikaivunja kwa ukingo wa meza, kisha nikaazima nyingine nikaendelea.

Ilibaki kuifufua laini yako. Tulikwenda duka la kampuni ya simu na Mama Nekesa, na cheti cha kifo, na barua ya chifu. Kijana wa dukani akatazama karatasi akasema, "Mwenye laini aje mwenyewe."

Mama Nekesa akaanza kulia. Mimi nilipitisha mkono juu ya kaunta nikamshika kola.

"Twende basi nikupeleke aliko," nikamwambia.

"Dada, tulia. Wacha niite mkubwa wangu."

Mkubwa wake alikuja, akasoma, akatuita nyuma. Laini ikafufuka. Niliiweka kwa simu yangu, nikaomba kodi, na ile namba ikaingia. Picha zilikuwa zimebakisha siku chache. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuzizuia zisifutwe. Kisha nikamwambia Mama Nekesa atoke nje, nikatazama peke yangu.

Mlango unasukumwa, wewe unageuka na kiti chako. Wanapiga kelele. Mmoja anakupiga ubapa wa panga kwa bega. Wewe unainua mikono. Kamera ile ina sauti, unajua, wewe ndiye uliyesisitiza tununue yenye sauti. "Chukueni," unasema. "Ufunguo huu hapa. Vitabu vilishaenda asubuhi, hapo ndani hakuna kitu, lakini chukueni tu." Unainama, unachomoa waya wa stima mwenyewe wasije wakapigwa na umeme. Hukulinda mlango wowote. Uliwapa.

Halafu unamtazama yule mwenye nyundo. Sijui ulimjua kwa mwendo au kwa mikono. Unatabasamu kidogo, Wafula, nimeirudia mara nyingi na ni tabasamu, na unamwambia kama mtu mliyekutana naye sokoni: "Mulembe, Situma." Unamsalimia kwa amani ya kwetu.

Akakupiga hapo hapo. Hakungoja umalize kufunga mdomo. Wale wengine walishtuka, mmoja alirudi nyuma, na yeye akaendelea kupiga hata ulipokuwa umelala, mpaka wakamvuta.

Mahakamani Kajiado, mwendesha mashtaka alipoicheza hiyo picha, Situma aliinamisha kichwa pale "Mulembe" iliposikika, kabla ya nyundo. Nilivua kiatu. Nilikuwa nimemfikia na nimempiga nacho mara ya pili usoni polisi waliponidaka, na hakimu akanifokea akatishia kunifunga nami. Nilimwambia anifunge. Hakunifunga. Situma alirudishwa rumande, na kesi ya mauaji inaendelea.

Akaunti sasa imeandikwa kwa jina la kampuni, kodi zinakuja kwa Mama Naserian na kwangu. Kazi yako nimepewa mimi. Nimesema nitaifanya mpaka mtoto wako Nekesa amalize shule, na yule rafiki yako wa Kware nimemwajiri, kwa hivyo usiniambie hilo wingu linafuta watu tu.

Wiki jana nilikwenda nyumbani. Mama na mama yake Situma hawasemezani, ua ulio katikati umepandwa miiba. Mama alinikalisha jikoni, akaniuliza nilichokuwa naogopa kuulizwa.

"Wewe uliona. Mtoto wangu alipigana?"

Nilifikiria uongo. Kijiji kizima kimeshakujengea ushujaa wako, na yeye anautegemea kusimama nao kanisani. Lakini moto ulikuwa unatuangaza usoni, nikashindwa.

"Hapana, mama. Aliwapa walichotaka. Kisha akamwamkua Situma."

Nilidhani nimemvunja. Akachukua mwiko, akageuza ugali, akaupiga vizuri kando ya sufuria.

"Basi ndiye," akasema. "Huyo ndiye niliyemzaa. Yule wanayemsifu nilikuwa simjui."

Mimi singemwamkua, kaka. Ningemng'oa macho. Hata sasa akinisalimia nitamng'oa. Lakini nimeandika mpaka hapa, na sikukasirikii tena wewe; hilo tu ndilo nilitaka kukuambia.

Lala. Mlango nimeushika.

Ni mimi, dada yako mdogo, yule wa kuuma.