Moyo Nilioutupa Dastibini

Apo rafiki yangu, mie leo nimeaibika hadi nimejifungia maabara.

Si unazijua notsi zangu za moyo? Naandika ubaoni, kidato cha pili wananakili. Binti mmoja, Asifiwe, hanakili. Anachora makutano ya barabara pale Ubungo na magari kibao! Nikauchana ule mchoro vipande vinne, nikautupa. Nikamwambia, "Hapa ni baiolojia, kachore huko kwenu!"

Dakika kumi hazijapita, mkuu wa shule huyo kaingia na mgeni, daktari. Mgeni akauliza, "Nani atanieleza damu inavyopita kwenye moyo?"

Wamenakili wote, hakuna anayejua.

Asifiwe akainuka, akaenda kwenye dastibini. DASTIBINI, Apo! Akapanga vipande mezani kwangu. Kumbe magari ndiyo damu. Yanaingia kulia, yanaenda mapafuni kuchukua hewa, yanarudi kushoto, yanatawanyika mwilini. Vali ni trafiki, wanazuia magari yasirudi nyuma. Darasa zima likaelewa. Miaka tisa nafundisha, sijawahi kueleza vile.

Daktari akauliza, "Mbona mchoro umechanika?"

Nikajua nimekwisha. Asifiwe akaniangalia, akasema, "Bahati mbaya tu."

Mtoto kanifichia aibu, Apo. Mtoto!

Subiri, bado. Mkuu akanipa mkono mbele ya wote: "Hongera madam, hivi ndivyo sanaa na sayansi zinavyofundishwa pamoja."

Na mie nikasema asante. Asifiwe kasimama palepale anakusanya vipande vyake, mie nasema asante.